Ateri si Bomba la Maji

Katika vitabu vingi vya baiolojia vya shule za sekondari, sura ya mzunguko wa damu huanza kwa mfano uleule: moyo ni pampu, na ateri ni mabomba yatokayo kwenye pampu hiyo. Mwalimu huchora duara ubaoni, akaonyesha matabaka matatu ya ukuta, akaandika kwamba ukuta wa ateri ni mnene na wenye kunyumbuka ilhali wa vena ni mwembamba, kisha akaendelea na habari za vali. Mwanafunzi hukariri, hujibu swali katika mtihani, na hupata alama zake. Mfano huo una manufaa, wala si haki kuubeza. Hata hivyo una kasoro moja kubwa: humfanya mwanafunzi aamini kwamba ukuta wa ateri ni kitu kisicho na uhai, kilichotengenezwa mara moja kikawekwa mahali pake, na ambacho kazi yake ni kuizuia damu isimwagike. Imani hiyo hudumu. Humfuata mtu hadi utu uzima wake, na siku jamaa yake anapoambiwa hospitali kwamba ana aneurisimu, picha imjiayo akilini ni ya bomba lililochakaa, ambalo halina la kufanywa ila kungojewa lipasuke.

Aneurisimu ni kutanuka kwa sehemu ya ateri kupita kiasi, kutanuka ambako hakurudi nyuma. Aota ya tumboni, yaani ule mshipa mkuu uteremkao mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, kwa mtu mzima ina upana upatao sentimita 2. Upana huo ukifika sentimita 3, madaktari husema aneurisimu imekwisha kuanza. Aliyewahi kuona tyubu ya baiskeli ikichungulia kwenye tairi lililoliwa upande atakuwa na taswira ya awali ya jambo lenyewe. Aghalabu mwenye ugonjwa huu hahisi chochote kwa miaka mingi. Hana homa, hana maumivu, hulima na kutembea kama wenzake. Ukuta ukipasuka, damu humwagika tumboni, na wengi hufa kabla ya kufikishwa hospitali. Kwa sababu hiyo, swali la jinsi ukuta ule ulivyofikia hali hiyo si la wataalamu peke yao.

Hebu utazamwe kwanza ukuta wenye afya. Tabaka lake la ndani ni safu moja tu ya seli bapa zigusanazo na damu. Tabaka la nje ni kama shuka la nyuzi ngumu za kolajeni, na humo mna seli zifumazo nyuzi hizo, neva, na mishipa midogo sana ambayo kazi yake ni kuulisha mshipa mkubwa. Naam, mshipa nao una mishipa yake. Tabaka la kati ndilo ambalo mwalimu angefaa kulisimamia kwa muda mrefu zaidi. Likikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana kama kurasa za kitabu: utando wa elastini, kisha seli za misuli laini pamoja na nyuzi za kolajeni, kisha utando mwingine wa elastini, na kuendelea hivyo hivyo. Aota ya kifuani ya mtu mzima ina kurasa hizo zipatazo 60; ya tumboni ina zipatazo 30.

Hesabu hizo si za bahati nasibu. Mwaka 1967 Harvey Wolinsky na Seymour Glagov, waliokuwa wakifanya kazi Chicago, walipima aota za mamalia mbalimbali kuanzia panya mdogo hadi nguruwe. Waliona kwamba kadiri aota ilivyo pana ndivyo kurasa zake zinavyozidi, kiasi kwamba kila ukurasa hubeba mvuto unaokaribiana katika wanyama wote hao. Miaka miwili baadaye walitoa habari ya pili, nayo ni ya kushangaza zaidi: aota ya tumboni ya mwanadamu inaivunja kanuni hiyo. Kurasa zake ni chache kuliko zilivyotazamiwa, kwa hiyo kila mmoja umebebeshwa mzigo zaidi. Tena tabaka lake la kati halina mishipa midogo ya kulilisha, bali hutegemea oksijeni na chakula vinavyopenya kutoka katika damu ipitayo ndani na kutoka tabaka la nje. Na ni mahali hapo hapo, chini ya ateri za figo, ambapo aneurisimu nyingi za aota hutokea.

Elastini na kolajeni ni majina mageni, lakini vitu vyenyewe si vigeni jikoni. Ule ukano wa manjano wa shingo ya ng'ombe, ambao hautafuniki hata ukichemshwa mchana kutwa, sehemu yake kubwa ni elastini. Kolajeni imo kwa wingi katika ngozi na kano za miguu, na ndiyo iyeyukayo polepole katika chungu cha makongoro, hata supu ikipoa ikaganda kama jeli. Elastini hunyumbuka na kurudi kama mpira. Kolajeni hunyumbuka kidogo sana, lakini ina nguvu nyingi ya kuhimili mvuto. Mwaka 1957 Margot Roach na Alan Burton, nchini Kanada, walichukua ateri za nyonga za watu waliokufa. Baadhi waliziondolea elastini kwa kimeng'enya cha tripsini, nyingine wakaziondolea kolajeni kwa asidi ya fomiki, halafu wakapima jinsi zinavyotanuka. Ilidhihirika kwamba katika shinikizo dogo elastini ndiyo ibebayo mzigo. Shinikizo linapopanda, nyuzi za kolajeni, ambazo mwanzoni zimelegea na kujikunja, hunyooka na kukaza.

Ni nani basi azifumaye kurasa hizo? Ni seli za misuli laini zenyewe. Seli hizi zina kazi mbili ambazo vitabu vya shule hutaja moja tu. Hujikaza na kulegea, kweli. Lakini pia hutengeneza elastini, kolajeni na vitu vinginevyo vinavyojaza nafasi baina ya seli. Sehemu kubwa ya elastini hufumwa kabla ya mtoto kuzaliwa na katika miaka ya utoto wake, kisha kazi hiyo karibu husimama. Elastini hiyo ni ya kudumu mno. Nusu yake yakadiriwa kuweza kukaa miaka ipatayo 70 katika mwili. Moyo upigao mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,800 kwa siku, na kila pigo huunyumbua ukuta na kuuachia. Mtu afikapo miaka 60, tando alizofumiwa tumboni mwa mama yake zimekwisha kunyumbuliwa mara zaidi ya bilioni 2. Hakuna fundi ajuaye kutengeneza mpira wa namna hiyo. Kolajeni, kwa upande wake, haikai hivyo: huvunjwa na kufumwa upya maisha yote, na ukuta hubaki imara maadamu wavunjaji na wafumaji wanakwenda sambamba. Hapa ndipo mfano wa bomba unapokatika. Bomba halina mafundi waishio ndani ya ukuta wake.

Sasa na utazamwe ukuta wa aneurisimu ya aota ya tumboni, uliokatwa wakati wa upasuaji au uchunguzi wa maiti. Jambo la kwanza lionekanalo ni kwamba kurasa za elastini zimekatikakatika. Mahali palipokuwa na tando ndefu zilizopangika, pamebaki vipande vifupi vilivyotawanyika, na pengine hapakubaki kitu. Jambo la pili ni uchache wa seli za misuli laini. Watafiti wa St. Louis, Marekani, walitoa mwaka 1997 matokeo ya kuzihesabu seli hizo, wakaona kwamba katika tabaka la kati la aneurisimu msongamano wake umepungua kwa karibu robo tatu ukilinganishwa na aota ya kawaida. Nyingi hufa kwa ile njia ambayo seli hujimaliza yenyewe kwa utaratibu, bila kupasuka. Zile zilizosalia nazo hubadili tabia: huacha kazi ya kujikaza, zikaanza kugawanyika na kutoa kemikali za kuvunja tishu. Ni kana kwamba fundi wa nyumba ameigeukia nyumba yenyewe kwa nyundo.

Jambo la tatu ni wageni. Katika tabaka la nje na la kati hujaa chembe nyeupe za damu: makrofaji, limfosaiti za aina mbalimbali, na seli nyingine za kinga. Wageni hawa hawaji mikono mitupu. Hutoa vimeng'enya vya jamii ya metaloproteinezi, ambavyo vyaweza kukata elastini na kolajeni. Historia ya vimeng'enya hivi yafaa ielezwe darasani, kwani haikuanzia kwa wagonjwa. Mwaka 1962 huko Boston, Jerome Gross na Charles Lapière walikuwa wakichunguza viluwiluwi. Kila mwanafunzi ajua kwamba kiluwiluwi akigeuka chura mkia wake hutoweka. Lakini mkia huo una kolajeni nyingi, na kolajeni haivunjiki kwa urahisi. Huenda wapi? Wachunguzi hao waliweka vipande vya mkia juu ya kolajeni katika vyombo vya maabara, wakaona tishu hai ikiiyeyusha kolajeni iliyo chini yake. Ndicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza cha jamii hii kutambuliwa. Kifanyacho kazi ya halali katika mkia wa chura, ndugu zake hufanya uharibifu katika aota ya mzee. Jamii hiyo hiyo ya vimeng'enya husaidia jeraha kupona na mfupa kukua. Kwa hiyo si sumu iliyotoka nje ya mwili. Ni zana za kawaida zilizotumika kupita kiasi na mahali pasipostahili.

Jambo la nne huwatatanisha wengi. Kolajeni katika ukuta wa aneurisimu haipungui mara moja. Mara nyingi huongezeka kwanza, kwani seli zilizobaki, pamoja na zile za tabaka la nje, hujitahidi kuziba pengo lililoachwa na elastini. Ukuta huwa mgumu, wenye kovu, usionyumbuka tena. Kovu hilo ndilo limwekalo mgonjwa hai. Mwaka 1984 Philip Dobrin na wenzake, nchini Marekani, walionyesha jambo hili kwa ateri za mbwa na za binadamu zilizotolewa mwilini. Walipoziondolea elastini kwa kimeng'enya, zilitanuka lakini hazikupasuka. Walipoziondolea kolajeni, zilitanuka zaidi na kupasuka. Yaani kupotea kwa elastini huufungua mlango wa ugonjwa. Kushindwa kwa kolajeni ndiko kuuako.

Aidha, katika aneurisimu nyingi kubwa damu huganda upande wa ndani wa ukuta, tabaka juu ya tabaka. Mtu afikiriaye kwa mfano wa bomba atasema hilo ni jambo jema, maana ukuta umepata kiraka. Uchunguzi uliotolewa Pittsburgh mwaka 2001 ulionyesha vinginevyo: mahali palipo na donge nene la damu, ukuta ulio chini yake hukosa oksijeni na huwa dhaifu zaidi, kwa kuwa tabaka la kati lilikuwa likitegemea damu ipitayo. Kiraka juu ya kitu kisicho hai huwa ni nguvu. Kiraka juu ya kitu hai chaweza kuwa njaa.

Watetezi wa mfano wa bomba wana hoja moja nzito, nayo yastahili kusikilizwa. Fizikia ya ukuta haijali kama ukuta ni hai au sivyo. Kwa kanuni ya Laplace, mvuto katika ukuta wa mcheduara ni shinikizo kuzidisha nusu kipenyo. Tuseme shinikizo la damu ni milimita 100 za zebaki, yaani paskali zipatazo 13,300. Aota yenye nusu kipenyo cha sentimita 1 itakuwa na mvuto wa nyutoni 133 kwa kila mita ya urefu. Ikitanuka hadi nusu kipenyo cha sentimita 2.75, mvuto unakuwa nyutoni 366. Na kama ukuta huo umepungua unene kutoka milimita 2 hadi milimita 1.5, mkazo juu ya kila mita ya mraba ya nyama ya ukuta unapanda kutoka nyutoni 66,500 hadi karibu 244,000, zaidi ya mara tatu na nusu, ilhali shinikizo la damu halikubadilika hata kidogo. Hesabu hiyo ni sahihi, na kidato cha tatu kinaiweza. Yaeleza kwa nini aneurisimu ikishaanza huelekea kuendelea. Lakini haielezi kwa nini ilianza, wala kwa nini watu wawili wenye aneurisimu za upana mmoja hutofautiana, mmoja akaishi nayo miaka 10, mwingine akafa nayo mwaka huo huo. Upande wa pili wa hesabu, yaani nguvu ya ukuta wenyewe, hauko katika kanuni ya Laplace. Uko katika seli.

Kisa cha Albert Einstein chatoa ushahidi usiotazamiwa. Mwezi Desemba 1948 daktari wa upasuaji Rudolph Nissen alimpasua tumbo huko New York akakuta aneurisimu ya aota. Wakati huo hakukuwa na njia ya kuikata na kuibadili. Upasuaji wa kwanza wa kuibadili aota ya tumboni iliyoharibika kwa kipande cha aota kutoka kwa maiti ulifanywa na Charles Dubost mjini Paris mwaka 1951. Nissen aliifunga aneurisimu hiyo kwa selofani, karatasi laini ing'aayo ya kufungia vitu. Msomaji atastaajabu: karatasi yaweza kushindana na msukumo wa moyo? La, haiwezi. Lakini selofani huziudhi tishu. Huamsha seli za tabaka la nje zifume kolajeni kwa wingi kulizunguka lile jambo geni. Nissen hakuitegemea karatasi, aliwategemea mafundi walio ndani ya ukuta. Einstein aliishi miaka zaidi ya 6 baada ya hapo. Aneurisimu ilipopasuka mwezi Aprili 1955 alikataa upasuaji mwingine, akafariki tarehe 18 mjini Princeton akiwa na umri wa miaka 76.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, watoka katika ateri nyingine, zile zilizo chini ya ubongo. Hizi kwa maumbile hazina ule utando wa elastini wa upande wa nje ambao ateri nyingine huwa nao, na aneurisimu zake huota kama tunda dogo mahali ateri inapogawanyika panda. Mwaka 2004 Juhana Frösen na wenzake wa Helsinki, Finland, walitoa matokeo ya kuchunguza kuta 66 za aneurisimu hizo zilizokatwa wakati wa upasuaji, 24 ambazo zilikuwa hazijapasuka na 42 zilizokuwa zimepasuka. Walizigawa katika aina nne. Ya kwanza ilikuwa na safu yake ya seli za ndani pamoja na misuli laini iliyopangika. Chini ya nusu ya hizo zilikuwa zimepasuka. Ya pili ilikuwa nene lakini yenye misuli iliyovurugika. Zaidi ya nusu zilikuwa zimepasuka. Ya tatu ilikuwa na seli chache. Karibu theluthi mbili zilikuwa zimepasuka. Ya nne ilikuwa nyembamba mno, karibu haina seli, imetandwa na damu iliyoganda. Zote 15 zilikuwa zimepasuka. Mwanafunzi makini atauliza kama seli hazikutoweka baada ya mpasuko badala ya kabla yake. Ni swali zuri, na jibu lake limo katika matokeo hayo hayo: hata miongoni mwa zile zilizokuwa bado hazijapasuka zilikuwamo zenye misuli iliyovurugika na zenye seli chache. Kuta zilianza kuachwa na seli zake zingali nzima.

Mara kwa mara husemwa kwamba aneurisimu ni maradhi ya wazee wa Ulaya wavutao sigara, na kwamba shule za Afrika zina mambo ya haraka zaidi ya kufundisha. Kauli hiyo haina msingi. Zamani, kabla ya penisilini, kaswende ilikuwa chanzo kikuu cha aneurisimu za aota ya kifuani mahali pengi duniani. Vijidudu vyake huishambulia ile mishipa midogo ilishayo ukuta, na tabaka la kati hufa kwa kukosa chakula. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa Harare na Durban wameeleza aneurisimu katika watu wenye virusi vya UKIMWI, wengi wao vijana, mara nyingine zikiwa kadhaa katika mwili mmoja, na hasa katika ateri za shingo na za mapaja. Katika wengi wao mafuta yaliyoganda kwenye ateri, yale ambayo vitabu vya kigeni huyatanguliza, hayakuwa na sehemu kubwa. Hadubini ilionyesha uvimbe wa kinga kuizunguka mishipa midogo ya tabaka la nje. Aliyefundishwa kwamba ateri ni bomba linalochakaa kwa uzee hana namna ya kuyaelewa maradhi haya kwa kijana wa miaka 30. Aliyefundishwa kwamba ukuta ni tishu hai, yenye kulishwa na kushambuliwa, ataelewa mara moja.

Uvutaji wa sigara nao hupata maana mpya. Katika mambo yote ambayo mtu aweza kuyaacha kwa hiari yake, hakuna lihusianalo na aneurisimu ya aota ya tumboni kuliko hilo. Moshi haulipanui bomba; huchochea uvimbe ndani ya ukuta na kuzidisha kazi ya vimeng'enya vilivyotajwa. Kinyume chake kuna fumbo ambalo bado linajadiliwa: wenye kisukari, ambao ateri zao huharibika kwa njia nyingine nyingi, hupata aneurisimu ya aota ya tumboni kwa uchache kuliko wengine. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba sukari nyingi katika damu hufunga nyuzi za kolajeni pamoja zikawa ngumu kukatwa. Hakuna mwalimu atakayekisifu kisukari kwa sababu hiyo, lakini fumbo kama hilo huamsha darasa kuliko kurasa kumi za maelezo.

Yafaa pia wanafunzi waambiwe kwamba kuyajua mabadiliko ya tishu si sawa na kuyatibu. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria ijulikanayo hata katika zahanati, huzuia baadhi ya metaloproteinezi, na katika wanyama wa maabara ilipunguza ukuaji wa aneurisimu. Matumaini yalikuwa makubwa. Majaribio yaliyofanywa Uholanzi, yakatolewa mwaka 2013, na yale ya Marekani yaliyotolewa mwaka 2020 baada ya wagonjwa kufuatwa kwa miaka 2, hayakuonyesha manufaa yoyote. Huenda vimeng'enya vikizuiliwa njia hii vyapata njia nyingine; huenda ukuta wenye seli chache hauna tena wa kuutengeneza. Sayansi isiyofundishwa pamoja na kushindwa kwake hugeuka orodha ya miujiza.

Kwa kukosa dawa, madaktari hutegemea kipimo cha upana. Katika wanaume, aneurisimu ya aota ya tumboni ifikapo sentimita 5.5 hufikiriwa kufanyiwa upasuaji. Iliyo ndogo hufuatiliwa. Uingereza tangu mwaka 2009 ilianza kuwapima kwa mawimbi ya sauti wanaume wafikishao miaka 65. Upana ni kipimo butu, kama hesabu iliyotangulia ilivyoonyesha, lakini ndicho kilichopo, tena si cha gharama kubwa: mashine ile ile ipimayo mtoto tumboni mwa mama mjamzito yaweza kuupima upana wa aota kwa dakika chache, mradi yuko aliyefundishwa kuielekeza. Hata pale daktari anapoweka bomba la kitambaa, ambalo kweli ni bomba, hulishikiza juu na chini kwenye tishu hai inayoendelea kubadilika. Ndiyo sababu mgonjwa hurudi kupimwa miaka na miaka.

Mwalimu atakayetaka kuyaonyesha haya hahitaji maabara ya kigeni. Aota ya mbuzi hupatikana machinjioni, na aghalabu hutupwa. Ikatwe pete zenye upana wa nusu sentimita, baadhi kutoka karibu na moyo na baadhi kutoka tumboni, zihifadhiwe katika maji ya chumvi kidogo ili zisikauke. Pete ining'inizwe kwenye kulabu ya waya, na kulabu ya pili ifungwe chini yake kwa ajili ya mawe ya mizani. Uzito uongezwe gramu 100 kwa gramu 100, na kila mara urefu wa pete upimwe kwa rula na kuandikwa. Wanafunzi wakichora grafu, uzito ukiwa mstari wa chini na urefu ukiwa mstari wa kusimama, wataona mchoro ukipanda upesi mwanzoni, kisha ukipinda na kulala: hapo elastini imeanza kuikabidhi kolajeni mzigo. Pete za tumboni kwa kawaida zitapinda mapema kuliko za karibu na moyo. Halafu waulizwe wachore kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kupima chochote, grafu ya pete hiyo hiyo kama kurasa zake za elastini zingekuwa zimekatikakatika, na waeleze ni sehemu gani ya mchoro wa kwanza ingetoweka.